Mjukuu wangu aliahidi hakuna atakayesikia, yeye akawa wa kwanza kufungua

Admin, nakutumia sauti, niandikie wewe, unifiche jina na kijiji. Mimi ni bibi wa Mbulu, miaka sabini na kitu, hicho kitu sijui ni ngapi maana cheti cha kuzaliwa sina. Shule sikuwahi kuingia hata siku moja. Nimelima, nimezaa saba, nimezika mume na watoto wawili. Nilidhani nimeshaumizwa na kila anayeweza kuniumiza.

Nina rafiki yangu, tumekua pamoja Nambis, akaolewa Nangwa, karibu na Katesh. Tulikuwa tunatumiana sauti kwa simu, lakini simu ya bibi ni ya nyumba nzima. Mkwe anaishika, mtoto anaishika, kila mtu anasikiliza. Kwa hiyo mambo yetu yakawa ni mvua na mbuzi tu.

Mjukuu wangu amekulia Arusha, amesomea kompyuta. Mwaka jana alikuja na mtandao wanaoutengeneza yeye na wenzake. Akaniambia, "Bibi, huu hauna tajiri mmoja anayetunza maneno ya watu. Ujumbe unapita simu kwa simu umefungwa, anayeubeba haoni ndani. Hata bando likiisha, mkikutana mnadani simu zinapeana." Akaniwekea picha ya rafiki yangu, kubwa. Nabonyeza uso wake, naongea. Hakuna kusoma. Mkwe akishika simu haifunguki. Akaenda Nangwa akamwekea na mwenzangu. Nikawaita wanawake wa jumuiya yetu kumi na wanne, wakawekewa wote kwa sababu mimi nimesema ni mzuri.

Kitu kimoja tu kilikuwa kigumu. Simu ilitoa maneno kumi na mawili. Mjukuu akasema simu ikipotea, hayo ndiyo yanarudisha kila kitu, nisimpe mtu, niyaandike. Nikamwambia mimi mkono wangu unaandika kwa jembe. Akacheka, akasema, "Basi nitakutunzia mimi, bibi." Nikamshukuru kabisa. Nikamchinjia kuku.

Sasa rafiki yangu akapata mahali pa kusemea. Akanieleza jambo ambalo wakwe zake hawajui, na marehemu mumewe alikufa hajui. Kizazi kimeshuka tangu uzazi wa mwisho na mkojo unamtoka. Kanisani anakaa nyuma karibu na mlango, watu wanadhani ni unyenyekevu. Nikamtafutia habari, hospitali wakasema kinashonwa, anapona. Tukapanga siku ya kwenda wawili, nyumbani tuseme tunaenda msibani.

Kabla siku haijafika, mjukuu wangu na wenzake wakafanya mkutano Katesh kuonyesha watu mtandao wao. Akachukua yale maneno yangu kumi na mawili, akayaingiza kwenye simu yake, mazungumzo yangu yote yakatokea. Akachagua sauti moja ndefu ya rafiki yangu, akaiweka kwenye spika za ukumbi. Akasema, "Sikieni, bibi asiyejua kusoma anavyotumia." Rafiki yangu alikuwa anaongea Kiiraqw, lugha yetu. Mjukuu wangu Kiiraqw hana. Ukumbi ulijaa Wairaqw, na sauti yake wengi wanaijua.

Habari nililetewa na mama mmoja wa jirani. "Shikamoo bibi. Mpe pole mwenzako wa Nangwa kwa ule ugonjwa." Nikamuuliza ugonjwa gani. Akasema waliusikia Katesh, kwenye spika.

Nikampigia mjukuu. Akalia. "Bibi, nilidhani ni salamu."

"Dakika nne za salamu?"

"Ninyi si mnasalimiana mpaka ng'ombe, bibi."

Kweli, tunasalimiana mpaka ng'ombe. Lakini nikamuuliza, ulifunguaje? Akasema, "Funguo ulinipa mwenyewe." Nikamwambia nikikuachia nyumba uilinde, ndiyo ulale kitandani kwangu? Wanangu, kinachoniuma si kwamba hakuelewa. Hata kama zingekuwa salamu, zilikuwa zangu.

Rafiki yangu alinitumia sauti moja ya mwisho. "Nilikupa wewe mmoja. Usinitumie tena." Nikapanda basi nikaenda Nangwa mwenyewe. Mkwe wake akanipokea vizuri, shikamoo, chai, kiti. Akasema mama amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi, na nilimsikia akikohoa ndani. Siku ya hospitali imepita. Kanisani haendi tena, hata pale nyuma.

Mjukuu sasa anasema wamerekebisha. Maneno kumi na mawili wameyatoa, kuna picha ambazo simu inazitaja kwa sauti, nazipanga mwenyewe kichwani, na yeye hawezi kuingia hata akitaka. Anataka niwarudishe wale wanawake, maana wote waliufuta na mimi tu ndiye wanayenisikiliza. Tena anataka nimpeleke Nangwa akapige magoti. Nikimpeleka, atapiga magoti mbele ya wakwe, na ambao hawakuwa ukumbini nao watajua. Nisipompeleka, rafiki yangu ataoza ndani na mimi nimekaa. Na huyu mtoto ni wangu, bado nampenda, nikimwona nitampiga na kumpikia siku hiyo hiyo.

Nishike lipi, wanangu? Namfikiaje mwenzangu mlango ukiwa umefungwa na mimi ndiye nilimfungulia mwizi? Wenye akili jibuni, wenye matusi nendeni mkalime. Na anayeweza amtumie admin kwa sauti anipelekee. Maandishi lazima nimtafute mtu wa kunisomea, na mimi watu wa kunisaidia simu nimewaogopa.