Mpini wa Mashoto

Ukimkuta Mzee Kutu kwenye uwanja wa vyuma chakavu, utadhani amedondosha pete. Anainama, anachokora kwa kijiti, ananyanyuka mkono kiunoni, anasogea hatua mbili, anainama tena. Jina hilo la Kutu alipewa na wauza vyuma wenyewe, naye analipenda, maana tangu mkewe afariki hakuna mwingine aliyejisumbua kumpa jina lolote. Jumapili binti yake humpigia simu kutoka mbali, humwita baba, huuliza kama amekula, basi. Siku sita zilizobaki, nyumbani haitwi.

Anachotafuta ni zana za useremala za zamani: tezo, patasi, keekee za kuzungusha kwa mkono, randa za mbao. Vitu ambavyo mafundi wa leo wenye mashine za umeme hawavitaki hata ukiwapa bure. Kutu huvibeba nyumbani, huviloweka kwenye mafuta ya taa, huvisugua kutu, huvinoa mpaka vinyoe malaika ya mkono, kisha huvitundika ukutani. Sebule yake ina ukuta mzima wa zana zinazong'aa, na kiti kimoja. Akishatundika, hurudi nyuma akatazama. "Haya, umependeza," huiambia zana. Halafu huenda kupasha chai moto.

Sasa sikiliza kilichompata mwaka huu.

Muuza vyuma mmoja, mama mwenye ulimi usiolala, alimrushia randa ya mbao iliyopakwa rangi ya geti, matope yamekauka juu yake.

"Mchumba wako huyo, Mzee Kutu! Amekusubiri wiki nzima."

"Mbona kazeeka hivi?"

"Na wewe je? Mchukue, mtafichiana mikunjo."

Kutu ana utaratibu wake, huanza na mpini. Zana isiyokaa kiganjani, anasema, kuinoa ni kupoteza jiwe. Mpini wa randa ile ulikuwa na ufa, tena umechongwa upogo, kibonde cha kidole gumba kimekaa upande usio wake. Kutu akacheka peke yake. "Fundi gani huyu? Alichonga huku anasinzia?" Akaziba ufa na kile kibonde kwa gundi na unga wa mbao, akachimba kibonde kingine upande wa pili, akapiga tupa, akapiga msasa. Siku tatu alikuwa akiushika na kuuachia, akiushika na kuuachia, mpaka ukamkaa kama umezaliwa na mkono wake. Ndipo akageukia pua ya randa na kukwangua rangi. Chini yake yakatokea matundu matatu ya msumari, yamepangwa pembetatu.

Akakaa kitako.

Enzi zao, kijana hakuitwa fundi mpaka achonge randa yake mwenyewe kwa kipimo cha kiganja chake na kuitia alama. Matundu matatu yalikuwa alama ya Mashoto, aliyefanya kila kazi kwa mkono wa kushoto. Kutu alisimama naye meza moja ya karakana miaka ishirini na miwili, huyu upande huu, huyu upande ule. Kisha kiwanda kimoja cha milango kikamtaka Kutu. Ijumaa walifagia maranda pamoja, wakaambiana tuonane Jumatatu. Jumatatu Kutu akaingia kiwandani. Hakuwa amemwambia mwenzake. Aliona haya, akajisemea atamwambia kesho. Kesho hiyo ikawa miaka kumi na tisa, na Mashoto hakuhamia popote. Anakaa vituo viwili vya basi kutoka kwa Kutu.

Kumbe mpini haukuwa upogo. Ulikuwa wa kushoto, na yeye kwa siku tatu ameufanya wa kulia.

Angeweza kuitundika randa na kunyamaza, nani angejua? Lakini miaka yote hiyo alikuwa akitafuta kisa cha kumfikisha mlangoni kwa Mashoto, na hiki ndicho cha kwanza alichokipata. Akaifunga kwa kitambaa, akaenda hivyo hivyo.

Aliyefungua ni mke wa Mashoto.

"Shemeji! Sisi tulijua umekufa, tukasikitika hatukualikwa mazishini."

"Bado kidogo, shemeji. Yupo?"

Hakumkaribisha ndani. Aliichukua randa, akapotea nyuma ya pazia, Kutu akabaki barazani akitazama viatu vyake. Kisha ikaja sauti, nzito kuliko alivyoikumbuka.

"Mwambie hii si yangu."

"Ina alama yako, mume wangu."

"Alama yangu, mpini wake. Ameuchonga umkae yeye. Amezoea huyo, kila jambo lazima limkae yeye. Mrudishie."

Shemeji akatoka na randa. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Afadhali. Sina nguvu ya kurudia."

Kutu akarudi nyumbani. Siku hiyo hiyo akaukata ule mpini kwa msumeno, akatwaa kipande kipya cha mvule, akashika patasi. Hapo mkono ukagoma. Alitaka kuchonga kwa kumbukumbu, na kumbukumbu haikuwepo. Alikumbuka kikohozi cha Mashoto, mluzi wake wa kuchapia nyimbo, penseli juu ya sikio. Kiganja, hapana. Kilikuwa kipana? Gumba lake lilikuwa refu au nene? Miaka ishirini na miwili mkono ule ulikwenda na kurudi mbele ya macho yake, na hakuwahi kuutazama. Akaketi kwenye kile kiti kimoja mpaka chai ikafanya utando.

Asubuhi yake akabisha tena.

"Shemeji, mwambie ule mpini nimeukata. Naomba kipimo cha mkono wake."

Shemeji hakufika hata kwenye pazia. "Apite," ikasema sauti.

Mashoto alikuwa mezani kando ya dirisha, nywele nyeupe zote. Hawakusalimiana. Kutu akatandaza karatasi ya kaki, akatoa penseli. Mashoto akaweka mkono wa kushoto juu yake. Kidole cha shahada kiliishia kwenye fundo la kwanza.

"Lini?" Kutu akauliza.

"Mwaka wa pili baada ya wewe. Msumeno wa mashine. Nilikuwa nasukuma ubao mrefu, na upande wa pili hapakuwa na mtu wa kuupokea. Nikaitupa randa mwenyewe. Niitumie vipi?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Ulikuwa wapi, uambiwe?"

Kutu akainamisha penseli. Ikazunguka gumba polepole, ikapanda hadi kwenye kile kidole, ikafika ukingoni pa kigutu, ikasita. Mkono wake ulitaka kuendelea kupanda, umalizie kidole kizima.

"Fuata kilichopo," Mashoto akasema.

Akafuata kilichopo. Penseli ikateremka, ikapita vidole vingine, ikafika kifundoni, na bado hakuinua uso.

"Nilipaswa kukuaga," akasema.

"Ndiyo. Ulipaswa."

Shemeji akapita na ufagio, akafagia pale pale ambapo alikwisha kufagia. Mashoto akaunyanyua mkono, akautazama mchoro wake kwa muda, akauchunguza kama anayekagua kiungo cha mbao cha mwanafunzi.

"Huo mpini, utauleta nijaribu kabla hujaupaka mafuta?"

"Lazima. Mara mbili, tatu."

"Basi usifanye pupa. Na usije asubuhi, asubuhi nina maneno makali."

"Jioni je?"

"Jioni pia. Lakini yanapungua."

Kutu akaiviringisha karatasi. Hakuikunja, mkunjo usije ukapita juu ya mkono. Akaishika kwa mikono miwili, akatoka.