Setingi za Marehemu Angwenyi

Siku kaka yangu Angwenyi alipokata roho, aliyelia kwa sauti kutushinda sote hakuwa mama. Hakuwa hata mkewe, Bonareri.

Alikuwa Josiah, rafiki yake.

Miezi michache baadaye nilimwona marehemu akifanya kazi kwa vidole vya huyo huyo Josiah. Si ndoto. Ilikuwa mchana peupe, mjini Kisii.

Wacha nieleze.

Angwenyi alikuwa akitengeneza tovuti. Bodaboda ikamwangusha karibu na Ogembo, mkono wa kushoto ukapooza. Watu wakasema kazi imeisha.

Yeye akafungua edita yake, ile programu ya kuandikia misimbo, akabadilisha njia zote za mkato. Kunakili, kutafuta, kuruka kutoka faili moja hadi lingine, kila kitu akakihamishia upande wa kulia wa kibodi. Akaongeza vifupisho vyake. Unagonga herufi tatu, fomu nzima inajiandika.

Akawashinda kasi wenye mikono miwili.

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikakaa nyumbani Ikonge, nikichuma chai. Yeye ndiye alinifunza kazi, kwa kompyuta hiyo hiyo.

"Lavender, huo mkono wa kushoto uweke mapajani. Ukiutumia unanitukana."

Tulicheka hadi Bonareri akatufukuza mezani.

Kisha nimonia ikamchukua.

Kwenye kamati ya mazishi, Josiah alipewa kuandaa wasifu wa marehemu. Akanijia macho mekundu.

"Siste, nipe kompyuta ya bro nitoe picha. Na paswadi."

Nani anakataa hapo? Nikampa.

Wasifu ulitoka mzuri, picha za rangi. Kompyuta ilirudi baada ya mazishi, tupu kama imetoka dukani.

"Pole sana. Ilishika virusi, ikabidi nifute kila kitu."

Nikamshukuru. Eti nikamshukuru!

Kazi ya asubuhi moja ikawa ya wiki. Lakini sikuililia kasi. Zile njia ndizo zilikuwa sauti yake, kila nikigonga ni kama yuko nyuma ya kiti akinielekeza. Sasa nilikuwa nagonga, na edita haielewi.

Ndipo nikasikia Josiah amefungua darasa mjini. Andika Haraka na Josiah. Nikaenda, nikaketi nyuma.

Akaanza kuonyesha. Vidole vya kulia viliruka. Mkono wa kushoto ulining'inia tu, mzima, bila kazi.

Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona kila kitu kiko kulia?"

"Utafiti," Josiah akajibu. "Nimetumia miaka miwili kubuni hii."



Nilingoja wanafunzi watoke. "Josiah, hiyo ni ya Angwenyi."

"Sikatai. Lakini sikuiba. Muulize Mama Mose."

Mama Mose ni Bonareri. Nilimkuta kwenye chai, kikapu mgongoni.

"Ulijua?"

Hakuacha kuchuma. "Mimi ndiye nilimwambia abebe yote. Alisema darasa litaitwa Angwenyi. Mose akue akisoma jina la baba yake ukutani. Wewe ungekubali itoke hapa? Yaya, hapana. Ungeikalia."

Nikamwonyesha picha ya tangazo la darasa kwenye simu. Akaisoma. Akaisoma tena. Mikono ikasimama.

Akampigia Josiah, sauti ya nje.

"Uliniahidi jina."

"Shemeji, elewa. Jina la marehemu haliiti wanafunzi. Watu wanaogopa."

Bonareri akakata simu, akaketi chini katikati ya michai. Nilikuwa nimekuja na hasira za kumwagia yeye pia. Nikakosa pa kuzimwaga.

Jioni Josiah alinitumia zile setingi, faili lenye njia zote za Angwenyi, labda aibu ilimshika. Mstari wa kwanza, pale Angwenyi alipokuwa ameandika jina lake, palikuwa na la Josiah.

Nikazifuta.

Ndugu msomaji, ukifiwa na mtu akaja kuomba picha za wasifu, mkaribishe, mpe chai. Lakini picha zitoe wewe mwenyewe.

Siku hizi nazirudisha zile njia polepole, kwa kukumbuka vidole vyake. Nyingi zimerudi. Ile ya kufunga mafaili yote kwa mpigo bado sijaikumbuka, kwa hivyo nikimaliza kazi nayafunga moja moja.