Mwandani Asiyeaga

Wageni wakija studio kwetu, hapa Yogyakarta, hutaka kwanza kumwona aliyemwandika Mbok Sanirah, bibi wa mchezo wetu wa kompyuta. Huangaza macho kwenye meza zetu wakitafuta kijana mwenye nywele timutimu na macho mekundu. Mimi huwaelekeza jikoni. Humo humkuta mama wa miaka sitini na mbili anakaanga tempe za soya, na kompyuta yake iko kando ya jiko, imefunikwa kitambaa isirukiwe na mafuta. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba meza yake iwekwe humo. Anaitwa Bu Wening, yaani Mama Wening. Najivunia kufanya kazi naye kuliko ninavyojivunia programu yoyote niliyowahi kuandika, na wanaonijua watakwambia mimi si mtu wa kujishusha.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa mwigizaji wa ketoprak, tamthilia zetu za jukwaani za wafalme na vita vyao, kwa miaka thelathini na moja. Kundi lao lilizunguka miji midogo na hema lake, kutoka Klaten hadi Blora. Hakuwahi kuwa malkia hata siku moja. Mkuu wa kundi alisema uso wake ni wa mpishi. Basi akawa mjakazi miaka yote hiyo, hatua mbili nyuma ya malkia, ameshika sinia la tambuu. Na ketoprak haina maneno ya kukariri. Mnaambiwa tu kisa kinaanzia hapa na kuishia pale, mengine mnajijazia wenyewe mbele ya watu. Malkia akiropoka lolote, mjakazi hana budi kumjibu papo hapo, tena jibu la mtu anayemjua tangu utotoni.

Mbak Ambar, dada mwenye studio, alimwona akiigiza kwenye arusi ya binamu yake. Jumatatu akaja kazini akatuambia, "Nimempata mtu wetu." Tulicheka. Mama ambaye simu yake ni ya vibonye aje atuandikie mchezo wa kompyuta! Aliyecheka kuwashinda wote ndiye huyu anayewaandikia leo.

Mchezo wetu unaitwa Njia ya Chumvi. Mchezaji ni mwana wa mfalme ambaye kasri lao limechomwa, naye anakimbilia pwani ya kusini na mtu mmoja tu, mjakazi mzee aitwaye Mbok Sanirah. Njiani kila kitu anaamua mchezaji: amsaidie nani, amdanganye nani, apite wapi. Sanirah anafuata, anapika, na anakumbuka. Bu Wening alipewa kazi ya kumwandikia Sanirah jibu kwa kila ambalo mchezaji anaweza kufanya. Mimi, Wiji, nilipewa kazi ya kuyaingiza majibu hayo kwenye programu.

Michezo mingi ya namna hii humpa mwandani mioyo kumi pembeni mwa skrini. Ukimpa ua, moyo mmoja unajaa. Ukimtukana, mmoja unamwagika. Nilipomwonyesha Bu Wening, alikunja uso.

"Wiji, huyu ni mwandani au mtungi?"

"Ni mwandani, Bu."

"Mbona mnamjaza na kummwaga tu? Mimi malkia wangu angeniuzia ndugu kisha akaniletea ua, ningemchapa nalo."

Sanirah wake hakuwa na mioyo. Alikuwa na chai. Kila alfajiri kambini aliandaa glasi mbili, yake na ya mwana wa mfalme. Mambo yakiwa shwari alimwita mchezaji "mwanangu". Akiudhiwa hapazi sauti, bali anazidi adabu. Anainamisha kichwa, anaanza kukuita Raden, jina la heshima la kasri, na kila usemalo anajibu, "Ndiyo, Raden." Hapo ndipo pa kuogopa. Mama yangu mwenyewe akianza kunisemesha lugha ya kasri, huwa natafuta pa kujificha. Na mchezaji akivuka mpaka kabisa, Sanirah anaondoka.

Tukawaita vijana kumi na wawili waujaribu mchezo. Mtihani wao ulikuwa katika kijiji cha Karangasri. Mjane anawapokea, anawalisha, na mwanawe amejificha darini akiwakimbia askari. Mchezaji akiwaambia askari alipo yule kijana, anazawadiwa farasi wawili. Kumi kati ya kumi na wawili waliwaambia. Sanirah akaondoka, na hakuna aliyejali! Mmoja aliandika kwenye fomu, "Bibi ameenda kuwasalimu ndugu zake, atarudi lini?" Mwingine akaandika, "Afadhali, alikuwa anatembea polepole."

Habari zikamfikia Pak Yonatan, mfadhili wetu wa Jakarta. Akapiga simu akakata maneno: Alhamisi anakuja kuucheza mwenyewe. Asipoguswa, Sanirah anatolewa mchezoni, na nafasi yake itachukuliwa na msichana mwenye upinde na mioyo kumi.

Bu Wening alipoambiwa, alizima jiko. "Miaka thelathini na moja nimesimama nyuma ya watu," alisema. "Huyu peke yake ndiye niliyemsimamisha mbele." Hakulia. Laiti angelia, maana ule utulivu wake uliniumiza vibaya.

Jumanne akavuta kigoda akakaa kando yangu. Yeye hachezi, vidole vyake havielewani na vile vitufe, na majaribio yote alikuwa hajayatazama.

"Nichezee," alisema. "Nataka kuona anavyoondoka."

Nikacheza. Nikamtaja kijana wa mjane, nikapokea farasi. Alfajiri yake Sanirah akapiga magoti mbele ya mwana wa mfalme akasema, "Raden, naomba ruhusa niende. Uniwie radhi kwa makosa yangu yote. Ubaki salama." Akainama, akashika njia.

"Simamisha hapo," Bu Wening akasema. "Maneno hayo kaandika nani?"

"Mimi, Bu."

"Wewe?"

"Kwenye karatasi yako palikuwa patupu. Uliandika tu kwamba anaondoka. Nikajua umesahau kuaga, nikakujazia."

"Miaka thelathini na moja sijasahau kuingia wala kutoka jukwaani, nije nisahau kuaga?"

Jamani, mnielewe. Kwetu hata anayeenda kununua kiberiti anaaga. Niliwahi kuchapwa kwa fagio kwa kutoka nyumbani kwa shangazi bila kuaga, na nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilipoliona lile pengo, mikono yangu ililijaza yenyewe, na kwa miezi minne halikunijia hata wazo la kumuuliza mwenye kazi. Kosa hilo angelifanya Mjava yeyote aliyelelewa, lakini nililifanya mimi.

Bu Wening hakunifokea. Aliniita mwanangu, nikashusha pumzi.

"Wiji, mwanangu, anayeomba radhi ndiye nani?"

"Ni mkosaji."

"Basi umemwombesha radhi aliyekosewa. Wale vijana wangeumia vipi? Bibi kawaambia kosa ni lake, kawaombea na salama juu."

Ndipo akanisimulia jambo ambalo studio nzima hatukulijua. Mkuu wa kundi lao aliamua siku moja kuwafukuza wapiga gamelan, ngoma na upatu wetu, wote saba, watu waliokula naye miaka ishirini, akaleta muziki wa kanda.

"Mume wangu alikuwa wa ngoma," alisema. "Asubuhi nikafagia chumba cha kujipambia, nikazikunja nguo za mjakazi, nikamwandalia mkuu chai. Glasi moja. Kila siku tulikuwa tunakunywa wawili. Nikapanda basi."

"Bila kumwambia kitu?"

"Ningemuaga angenitakia safari njema, akaendelea na mambo yake. Alinitafuta miji mitatu! Akanifikia mpaka nyumbani, akasimama uani analia, baba mzima na masharubu yake."

"Ukarudi?"

"Nikampa chai akanywa, akaenda zake."

Nilizifuta zile sentensi zangu mbele ya macho yake. Hofu yangu ilikuwa moja, kwamba mchezaji atadhani programu imeharibika na kummeza bibi. Bu Wening akafikiri kidogo.

"Kambi ifagiliwe. Weka glasi moja, na chai iwe ya moto."

Alhamisi Pak Yonatan akaingia na viatu vyake vya kung'aa. Bu Wening alimlaki mlangoni akiwa ameinama, akamwita Bapak, baba mheshimiwa, akamwomba radhi kwa udogo wa kiti, akamwomba radhi kwa chai, akamwomba radhi hata kwa joto. Mimi na Mbak Ambar tukatazamana. Yule mwenzetu wa Jakarta alitabasamu mpaka masikioni.

"Mama ana adabu sana huyu," alininong'oneza.

"Sana, Pak," nikamjibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini haikuwa kazi yangu kumwambia.

Akashika rimoti ya kuchezea. Alikuwa mjuzi kuliko nilivyotarajia, na mwenye haraka. Karangasri alikula wali wa mjane, akalala, akamtaja mwanawe kwa askari, akateremka bondeni kupokea farasi.

"Ndiyo, Raden," Sanirah akasema, kichwa chini.

"Unaona? Amekubali mwenyewe," akaniambia, akapiga farasi mjeledi.

Kukapambazuka mchezoni. Kambi imefagiliwa, majivu yamezolewa. Juu ya jiwe iko glasi moja, inatoa mvuke. Pak Yonatan akasubiri. Akaigusa glasi, hakuna neno. Akabonyeza kitufe cha kumwita Sanirah, kile alichokuwa akikibonyeza kila jioni ili apikiwe. Chenene tu wakalia.

"Programu imekwama?" akaniuliza.

"Haijakwama, Pak."

Akaizunguka kambi. Akaenda mtoni, akarudi, akaitazama tena ile glasi. Nikaona mabega yake yameshuka.

"Hata hakuaga," alisema taratibu, kama anayejisemea mwenyewe.

Hakuna aliyemwambia afanye alichofanya baada ya hapo. Pwani ilikuwa mbele, karibu kabisa, na alikuwa na farasi wawili. Akageuza, akarudi njia yote aliyokuja. Kwenye kipandio chembamba cha kutoka bondeni hadi Karangasri, ambako farasi hawapiti, akawaacha, akapanda kwa miguu. Mlango wa mjane ulikuwa umefungwa kwa ndani. Barazani palikuwa na glasi mbili tupu.

Pak Yonatan akaweka rimoti mezani. Akageuka kumtafuta Bu Wening, ambaye muda wote alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Nifanye nini anifungulie?"

"Hilo Bapak ataamua mwenyewe," Bu Wening akajibu, kichwa chini, kwa adabu ileile.

Pak Yonatan akasimama, akamwambia Mbak Ambar maneno matano: "Bibi abaki. Mioyo msiweke kabisa." Akatoka uso umemwiva, tukasikia gari lake likiwaka.

Hapo tuliruka jamani! Mbak Ambar alinikumbatia, mimi nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani. Nilikimbilia jikoni kumpongeza Bu Wening. Alikuwa anaifunika kompyuta yake kitambaa, kama kila siku, ila aliifunika, akaifunua, akaifunika tena, nikajua na yeye aliogopa siku zote zile kuliko sisi. Nikaona fahari. Mwenye uso wa mpishi alikuwa amemgeuza njiani mtu mwenye farasi wawili, na asiseme neno!

Mara tukasikia gari limesimama getini. Injini ikazimwa. Viatu vikarudi vikiharakisha kwenye changarawe, na Pak Yonatan akatupita sote akaingia jikoni moja kwa moja. Akaushika mkono wa Bu Wening kwa mikono yake miwili, akauinamia.

"Bu, niwie radhi," alisema. "Nilitaka kuondoka bila kukuaga."

Bu Wening akamtazama. Akachukua tempe tatu za moto, akazifunga kwenye jani la mgomba, akamtia mkononi.

"Haya, nenda salama, mwanangu."