Boti Isiyotaka Leseni

Bi Bakhita alikuwa mwalimu wa udereva, mwalimu wa wanawake, na kwa miaka ishirini na moja mjini Maskati alikuwa amewafundisha mabinti, mabibi harusi, wajane, na hata bibi mmoja wa miaka sitini na saba, kurudi nyuma na gari baina ya mapipa ya mtihani bila ya kuyagusa. Kazi ile ilimfunza kwamba mtu akikwambia jambo ni jepesi, basi ama halijui, ama kuna kitu anakuficha. Kwa hivyo Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, mumewe Harub alipomwekea simu mbele yake na kumwonesha picha ya boti ndefu nyembamba, yenye jiko na vitanda ndani, moyo wake ulikataa hata kabla hajavaa miwani.

"Twende tukamwone Reem, kisha tukodi hii wiki moja," alisema Harub. Reem ni binti yao, anasoma Birmingham. "Inapita kwenye mifereji."

"Mfereji upi? Huu wa jikoni?"

"Mifereji ya kule, Mama Reem. Kama falaji zetu za kumwagilia shamba, ila pana, zinapita boti."

"Na nahodha nani?"

"Mie." Harub alijinyoosha kitini. "Wala hawataki leseni. Si ya boti, si ya gari. Wanakufundisha saa moja, wanakupa ufunguo, unakwenda zako."

Neno hilo la leseni alilirejea mara tatu kabla chai haijapoa.

Saa moja! Wanafunzi wa Bi Bakhita walikaa naye miezi na bado wengine walirudi kutoka kwenye mtihani wakilia. Usiku ule ule aliwaandikia wenye boti, naye Reem akamsaidia kuuliza. Breki zake zikoje? Haina breki, unairudisha injini nyuma. Inakwenda mwendo gani? Mwendo wa mtu anayetembea. Ni halali kweli? Halali kabisa, kwa mwenye kukodi kwa mapumziko. Reem akaongeza kwamba kila siku huwaona wazee wa Kizungu wakipita na maboti yao, mbwa juu ya paa.

Boti, basi, haikuwa na hila. Lakini shaka ya Bi Bakhita, ilipokosa pa kukaa kwenye boti, ikahamia kwa aliyeileta. Kwani mtu aliyeendesha gari miaka thelathini na tano, hajapata hata kugonga ukuta, afurahi kiasi kile kwa kutoulizwa leseni?

Akaanza kumwangalia. Kanzu za Harub alizifua na kuzipiga pasi yeye mwenyewe hapo nyumbani kwao Hail, lakini Harub alirudi kutoka kazini akinukia sabuni ya dobi na mvuke wa pasi za watu. Harusini kwa mpwa wao alimwachia mkewe usukani, akasingizia mgongo. Na gari lake lilikuwa na vumbi la gari lisilotoka.

Jumapili asubuhi, Harub akiwa bado anaoga, Bi Bakhita aliingia garini akaandika namba za kilomita kiganjani. Kutoka Hail hadi ofisini kwake Al Khuwair, kwenda na kurudi, si chini ya kilomita thelathini kwa siku. Alhamisi jioni alizisoma tena. Wiki nzima ya kazi gari lilikuwa limekwenda kilomita sita.

Hakulala vizuri mwisho wa wiki ule. Alimfikiria mwanamke. Mwanamke wa jirani, tena mwenye kufua. Alipanga maneno atakayomwambia, akayapangua. Lisemwalo lipo, alijisemea, ijapokuwa hapana mtu aliyekuwa amesema kitu isipokuwa yeye na moyo wake.

Jumapili iliyofuata Harub alipotoka, Bi Bakhita alivaa abaya akamfuata kwa miguu, maana gari linalokwenda nusu kilomita halihitaji kufuatwa kwa gari. Alilikuta nyuma ya msikiti, limeegeshwa kivulini. Mbele yake palikuwa na gari jeupe la dobi, nguo zimening'inia nyuma ndani ya mifuko ya plastiki, na Harub ameshakaa mbele anafunga mkanda. Bi Bakhita aligonga kioo kwa pete yake.

Dereva, kijana wa Kikenya mwenye ndevu chache, alikishusha. "Habari ya asubuhi, mama. Kuna shida?"

"Wewe nani?"

"Mimi naitwa Japheth. Mzee huwa namshukisha kazini na jioni namrudisha hapa, niko na wateja huko Al Khuwair. Alinisaidia na barua yangu ya Kiarabu, sasa mimi pia namsaidia." Akamtazama Harub, akamtazama yeye. "Pole, mama. Mimi nilidhani unajua."

Harub aliteremka. Walikwenda kukaa ndani ya gari lao, yeye upande wa usukani, mkewe kando yake.

"Tangu lini?" aliuliza Bi Bakhita.

"Tangu mwezi wa tatu. Nilikwenda kufanya upya leseni, wakanipima macho. Herufi nilizisoma zote. Kisha wakanambia nibonyeze kila nikiona taa pembeni. Nikakaa nasubiri taa. Kumbe zimeshawaka na kuzimika. Ni presha ya macho. Upande wa kushoto sioni tena, na leseni wameninyima."

"Na mpaka hapa unafikaje?"

"Polepole. Njia naijua."

"Njia unaijua! Na watoto wanaokwenda skuli, nao unawajua watapita wapi?" Sauti ilimpanda hata Japheth akageuka kule mbele. "Hukunambia kwa nini?"

"Ningekwambiaje weye? Weye ndiye unayemwambia mtu huyu anafaa barabarani, huyu hafai. Niliogopa utanitazama kama unavyowatazama wao." Harub alitazama vidole vyake. "Nilitaka niendeshe kitu mara moja tena, Mama Reem. Pahala pasipo mtu wa kuniuliza karatasi."

Bi Bakhita alikuwa amejiandaa kwa mwanamke, si kwa macho. Alinyoosha mkono, na Harub akamwekea ufunguo kiganjani.

"Nenda, mwanangu," alimwambia Japheth kwa mbali. "Leo nnampeleka mie."

Tangu siku ile hakuamini kitu ambacho hakukiona kwa macho yake. Alikwenda naye kwa daktari wa macho, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, akataka karatasi zote azisome. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kitahifadhika kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni. Matone yale Bi Bakhita alimtia kwa mkono wake. Wenye boti nao akawaandikia ukweli wote, akitumai watakataa. Hawakukataa. Walisema nahodha awe yeye, na mumewe anaweza kushika usukani pale mfereji uliponyooka, maadamu mwenye kuona vyema yuko ubavuni pake.

Wakaenda mwezi wa nane. Mzungu aliyewakabidhi boti aliwafundisha ile saa yake moja, Bi Bakhita akamshikilia kwa maswali hata zikawa mbili. Siku mbili za kwanza aliendesha yeye, amekunja uso, Reem akifungua milango ya maji inayopandisha na kushusha boti. Siku ya tatu, kwenye mfereji ulionyooka baina ya mashamba, alisogea upande wa kushoto.

"Haya, shika."

Harub alishika. Alisimama wima, kofia imemwendea upande, macho mbele.

"Kuna bata kushoto," alisema Bi Bakhita.

"Nnawaona."

Hakumwamini. Aliweka mkono wake juu ya usukani, nyuma kidogo ya wa mumewe, wakapita bata wale kwa taratibu.

Waliporudi Maskati Harub aliwaambia wenzake wa ofisini habari ya macho yake mwenyewe, bila kutumwa. Siku hizi Bi Bakhita humpeleka Al Khuwair kila asubuhi kabla ya mwanafunzi wake wa kwanza, na njia nzima Harub humwambia kwamba anakwenda mbio.