Mama aliyekataa nyumba yenye bustani

Juzi, kwenye ofisi ya nyumba za kaunsili, yaani baraza la mji, huku ughaibuni Ilford, mbele yangu kwenye foleni alikuwepo mama mmoja wa Kipemba na binti yake. Karani alikuwa na habari njema: nyumba ya vyumba vitatu, yenye bustani, katika mji mdogo mwendo wa saa mbili kwa treni. Binti akatafsiri huku macho yanamng'aa.

"Mwambie ahsante, siitaki," mama akasema.

"Lakini Mama, kila siku unalalamika. Kelele, gari hazina pa kuwekwa, majirani wanajua umepika nini kabla hujapakua."

"Kweli, wanajua." Mama akaweka kiganja juu ya kaunta. "Na nilipoanguka bafuni mwaka jana, nani aliyenigundua? Yule yule jirani mmbea. Aliona mpaka saa tano sijafungua pazia, akaja kugonga. Wewe ulikuwa kazini. Huko kwenye bustani, nani atanichungulia?"

Binti akamgeukia karani, akamweleza yote kwa Kiingereza, pamoja na kule kuanguka. Karani akasogeza fomu ya kukataa. Mama akaitia saini mwenyewe, taratibu, herufi moja moja.

Mimi pia ninaye jirani wa namna hiyo, na kwa miaka minne nimekuwa nikimkwepa. Jioni ile nilimpelekea sambusa. Akapokea sahani, akaniuliza mbona leo nimechelewa kurudi. Nikamjibu.