Nilidanganya niko mjengoni Kitale, kumbe navutwa mgongo na mashine

Wakuu, salamu kwenu nyote. Hii stori nimeikalia muda mrefu. Leo naiweka kama ilivyotokea, hata pale inaponiaibisha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Bumula. Mgongo wa chini ulinisumbua miaka minne. Maumivu yalishuka kwenye paja la kushoto hadi kidole gumba cha mguu. Nilimeza vidonge, nikadungwa sindano, nikasuguliwa mafuta ya kila rangi. Nilichoka.

Picha ilipopigwa, daktari alisema disc moja, ule mto ulio kati ya pingili za mgongo, imetokeza na kukandamiza mshipa wa fahamu. Akataja operesheni. Nikaogopa. Nikaomba kwanza njia isiyo na kisu.

Akanituma kliniki moja Kitale yenye kitanda cha kuvuta mgongo. Unalala chali, unafungwa mkanda kifuani na mwingine kiunoni. Kitanda kinakuvuta polepole, kinashikilia kidogo, kinaachilia. Hakuna damu. Wengine walikuwa wanalala kabisa, wanakoroma.

Nilipangiwa mara ishirini, wakati wa likizo ya shule. Nikahamia kwa dada yangu Nasimiyu, Kibomet, hapo hapo Kitale.

Hapa ndipo nilikosea.

Huku kwetu mwanaume akisema anaumwa mgongo, watu humwangalia mke wake kwanza, halafu wanacheka. Kwa hivyo nyumbani niliaga kwamba naenda kumsaidia Nasimiyu kusimamia ujenzi. Mke wangu pekee ndiye alijua ukweli.

Mama wa kliniki aliyeendesha kile kitanda alinionya siku ya kwanza. "Mwalimu, mimi navuta hapa, wewe usiharibu huko nje. Hata ndoo ya maji usiinue."

Nikatii. Jioni Nasimiyu alikuwa ananipima kwa macho mlangoni. "Bado hujarefuka, bana. Warudishe hiyo mashine!"

Mimi ni mtu wa daftari. Kila siku niliandika naweza kukaa kwenye kiti muda gani kabla mguu haujaanza kuwaka. Siku ya kwanza, dakika kumi. Mara ya kumi na tatu, dakika hamsini. Nilianza kuamini operesheni nimeikwepa.

Kesho yake nikapigiwa simu. Mjomba wangu amefariki, mazishi ni Jumamosi. Nikarudi nyumbani.

Kwa ukoo wetu jeneza la mjomba hubebwa na wapwa. Tulikuwa wanne. Anayepanga mambo ni Wafula, binamu yangu na mpwa mwenzangu, mtu wa mdomo.

"Mwalimu ametoka mjengo Kitale," akatangaza mbele ya waombolezaji. "Huyo sasa ni chuma. Mpeni upande wa kichwa, ndio mzito."

Nikasema labda vijana wabebe.

"Ati vijana? Si ni mjomba wako? Ama huko Kitale ulikuwa unabeba kalamu?"

Watu wakacheka. Shangazi zangu walikuwa wananiangalia. Sentensi moja tu ingeniokoa. Haikutoka.

Nikainua.

Kutoka mlangoni hadi kaburini ni hatua kama sitini, kwenye shamba lililolimwa. Nilizihesabu. Kubeba nilivumilia. Kilichonimaliza ni kuinama na kamba tukishusha jeneza. Nilisikia moto kutoka kiunoni hadi kidoleni. Sikuachilia kamba hadi mjomba alipofika chini.

Halafu nikashindwa kunyooka.

Walinitoa hapo nimekunjika, mchungaji bado anaomba. Mke wangu ndiye aliyewaambia ukweli wote, mbele ya kila mtu, na kwa hasira. Hakuna aliyecheka.

Jumatatu daftari lilisema dakika tatu.

Jioni hiyo Wafula akaja kuniona. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka. Akaketi polepole, mkono mmoja ukutani. Hilo nililiona.

"Lakini ndugu yangu, si ungesema tu?"

"Mbele ya shangazi? Na wewe ukiwa na huo mdomo?"

Akainuka, akachungulia nje, akarudisha mlango.

"Hiyo mashine," akauliza kwa sauti ya chini, "iko upande gani wa Kitale?"

Kumbe ana miaka saba akiumwa mgongo kama wangu. Alikuwa amebeba upande wa miguu, nyuma yangu. Alinipa upande mzito kwa sababu yeye hangeuweza.

Nilirudi kliniki. Yule mama alinikagua, hakugomba, akasema tunaanza upya. Leo naweza kukaa vipindi viwili vya darasa. Kidole gumba bado kina ganzi. Operesheni sijafanyiwa, lakini siapi kwamba haitakuja. Mashine ilinisaidia pamoja na mazoezi na kutobeba vitu. Si kila mgongo unafaa kuvutwa, kwa hivyo pigwa picha kwanza, uone daktari.

Nilichojifunza ni hiki: nilificha mgongo ili nisichekwe, nikachekwa bado, na mgongo nikauumiza. Mwambie hata mtu mmoja atakayesimama hadharani aseme, "Huyu habebi."

Wafula naye alienda Kitale wiki iliyofuata. Kwake aliaga kwamba anaenda kuangalia mbegu.

Mliowahi kulala kwenye hicho kitanda, mlipata nafuu ikadumu? Na nyumbani mlisema mnaenda wapi?