Mzinga wa Wifi Vénérande

Wifi yangu Vénérande alikuja Inyonga akitokea Katumba kwa Warundi, kaolewa na kaka yangu Lyamba, hajui neno hata moja la Kikonongo. Sisi wanawake wa huku tulimcheka wee, Mungu atusamehe. Kumbe mwenzetu alikuwa ameshapata marafiki wake: mumbi wawili, wale ndege wakubwa weusi wenye shingo nyekundu, wanaotembea shambani kama mabwana shamba waliokuja kukagua. Yeye akilima, wao wako nyuma yake wanaokota funza. Akawa anawasalimia kila asubuhi. Ukimuuliza, anakwambia hao ndio waliompokea bila kumcheka.

Siku hizi mumbi wamebaki wachache. Wanataka tundu kubwa ndani ya mti mkubwa wa zamani, na miti ya namna hiyo kwetu imeishia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Mti wa hao wawili ulikatwa, wakakaa miaka bila kinda, mpaka mvua za juzi walipohamia kwenye mti mkongwe wa mtundu ulio mwisho wa shamba la kaka. Januari tukasikia kinda linalia humo ndani. Wifi alifurahi utadhani kapata mjukuu.

Sasa mwezi huohuo tumbaku nayo inaiva, na bani linataka kuni. Kaka akautazama ule mtundu, nusu yake imeshakauka, akasema mwaka huu kuni ndizo hizi. Wifi akaja juu. Kaka akamjibu kwamba yeye hana ugomvi na ndege.

"Ndege ana mabawa, Mama Antoni. Atahama."

Wifi akamwambia kinda halijaota hayo mabawa. Kaka akaenda kunoa shoka. Si mtu mbaya kaka yangu, ila akishaamua jambo, ameamua, na kumbembeleza ni kujichosha bure.

Lakini kwetu Wakonongo, mti wenye mzinga wa mtu haukatwi. Awe mume wako, awe baba yako, hagusi. Na aliyemfundisha wifi mila hiyo ni Lyamba mwenyewe, siku za uchumba, akijitapa. Basi kaka alipokwenda gulioni, wifi akanijia na mzinga wa gome begani, ananiomba nikamshikie kamba. Mimi, dada mtu, nimgeuke kaka yangu wa tumbo moja? Nikaenda kushika kamba.

Akapanda, khanga kaifunga kibwebwe, akautundika kwenye tawi la juu ya tundu. Kwa kuogopa nyuki wasije wakalisumbua kinda, mdomo wa mzinga akaugeuzia kule mvua inakotokea. Jamani! Hata mtoto wa Kikonongo anajua nyuki hawahamii nyumba inayonyeshewa. Nikamwambia. Akasema anachotaka yeye ni mzinga, si nyuki.

Kaka aliporudi akauona. Kwanza alicheka mpaka akakaa chini, halafu akakasirika. Akasema mila ni mila, hilo halikatai, ila mzinga usio na nyuki ni gome tu. Kesho atapanda akaangalie, na akiukuta mtupu, mti unaanguka. Wifi hakula siku hiyo. Na mimi roho iliniuma, maana nilijua mle ndani kuna hewa tu.

Asubuhi kaka akaegemeza shoka kwenye shina, akapanda. Wifi kasimama chini, mikono kichwani. Kabla hajaufikia mzinga, kaka akapita usawa wa tundu, akachungulia. Kinda lilidhani limeletewa chakula. Likatoa kichwa, likampanulia mdomo hapo hapo usoni, linalia kwa njaa. Kaka akabaki ameshika tawi, anatazamana nalo, muda mrefu mpaka shingo zetu zikauma. Kisha akapanda kwenye mzinga, akaweka sikio, akaugonga kidogo, akaanza kushuka.

Nikauliza mimi.

"Nyuki wamo," kaka akasema, akilichukua shoka lake. "Wamejaa."

Wifi akamkagua mikono, akamkagua uso, akamzunguka mpaka nyuma ya shingo.

"Na hawajakuuma, Baba Antoni?"

"Wapole," akasema. "Wamemfuata mwenye mzinga."

Kuni akazifuata mbali, na kila alipopita na mzigo alihakikisha tunamsikia anavyolalamika. Kinda lilisharuka, na sasa wanaofuata jembe la wifi ni watatu. Msimu wa kurina ukifika, majirani huuliza ule mzinga wa Mama Antoni utarinwa lini. Wifi huinama akasonga ugali wake. Anayejibu ni kaka, tena kwa ukali, kwamba asali ya mzinga ule bado haijaiva.